Mpima Maji Niliyemfuta

Kadi ya kumbukumbu iko ndani ya kopo la kahawa, juu ya kabati langu, hapa Kasongo. Anayetaka kubisha aje na kompyuta yake mwenyewe, ordinateri kama tunavyoiita, aitie, aangalie kwa macho yake. Lakini kwa kuwa wewe uko mbali na kadi iko hapa, itabidi nikuapie tu: Wallahi, mambo haya yalinipata mimi, mwanamke mwenye akili zake timamu, na sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai. Tena hayakunipata usiku wa manane kama unavyozoea kusikia. Mara ya kwanza ilikuwa alfajiri. Mara ya pili ilikuwa saa sita mchana, siku ya soko, jua likiwa limesimama kichwani.

Mimi ni mpiga foto. Watu wananiita Mama Foto, na jina hilo nimelivaa vizuri kuliko hereni. Nyumba yetu iko mtaa wa waungwana, nyuma ya msikiti. Baba alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyeninunulia aparei yangu ya kwanza ya kupigia foto. Foto za kitambulisho, arusi, ubatizo wa Wakristo, maulidi yetu sisi, zote zinapita mkononi mwangu. Lakini hiyo ni kazi ya tumbo. Kazi ya moyo wangu ni mto Lualaba: kingo zake, mchanga wake, ukungu wake, bila rangi hata moja. Nyeusi, nyeupe, na zile kijivu zote zilizolala katikati.

Jirani yangu aliwahi kuniuliza, "Mama Foto, rangi zimekuishia?" Wengine wanasema foto isiyo na rangi ni foto ya matanga. Nawaacha waseme. Rangi ni kama pilipili: asiyejua kupika huitia nyingi ili watu wasigundue. Ukiiondoa, foto inabaki na mifupa yake, na hapo ndipo utajua kama aliyeipiga alikuwa anajua kazi au alikuwa anabahatisha. Mimi sibahatishi.

Basi wakapiga simu kutoka Kindu. Kulikuwa na bwana mmoja, nitamwita Bwana Justin, aliyekuwa anatayarisha maonyesho ya foto za mto. Kila mji ungeleta foto moja tu, na sharti lilikuwa moja: kupunguza na kuongeza mwanga ruhusa, kubandika kitu kisichokuwapo hapana. Kutoka Kasongo walichagua mtu mmoja. Nadhani sihitaji kukuambia ni nani.

Motari, dereva wa pikipiki, alinifikisha bichi kabla ya jua kutoka. Bichi ndiyo tunavyoita pahali pa kuvukia. Ndiyo pwani yetu sisi tusio na bahari. Nikamwambia motari aende akanywe chai, mimi nikashuka na mguu kufuata ukingo, nikaipita mitumbwi yote, mpaka pale mchanga unapoingia ndani ya maji kama ulimi. Ukungu ulikuwa mzito. Saa kama ile kitu chochote hakina rangi: mti ni mweusi, maji ni meupe, mkono wako mwenyewe ni wa kijivu. Ndiyo saa yangu.

Nikasimamisha aparei juu ya miguu yake mitatu. Kushoto niliweka mti mkavu uliolala majini. Kuume maji yalikuwa yanapinda na kupotea. Katikati, ule ulimi wa mchanga. Vizuri sana, utasema. Hapana. Jicho lilikuwa linaingia, linatembea, halipati pa kuketi. Nikashuka chini, nikapanda juu, nikasogea. Wapi! Mwishowe nikasema kwa sauti, peke yangu, "Hapa panakosa kitu."

"Panakosa mutu," sauti ikajibu.

Nikageuka. Alikuwa mwanaume mzima, mrefu, kitambaa kimefungwa kichwani, mkononi ana fimbo ndefu kumpita yeye. Sikushtuka. Bichi haikosi watu.

"Yambo, baba."

"Yambo, mama. Unafanya nini na ile sanduku ya miguu tatu?"

"Naipiga Lualaba foto."

"Lualaba tupu?" Akacheka kidogo. "Lualaba bila mutu ni maji tu. Uniweke mimi."

Nilitaka kumwonyesha pa kusimama. Hakungoja. Alitembea mpaka nchani kabisa mwa ule mchanga, akachomeka fimbo yake majini, akageuza uso nusu kwangu nusu kwa mto. Nikatia jicho kwenye aparei. Niamini, nilikasirika kidogo, maana ndipo hapohapo ningemweka, si hatua moja zaidi wala moja pungufu.

"Baba, usitikisike," nikamwambia. "Ni mpaka hesabu ya thelathini." Maana kazi yangu naifanya hivyo: naacha aparei ifungue jicho muda mrefu, maji yanalainika yanakuwa kama maziwa.

"Mimi ni mupima maji," akasema. "Kusimama ndiyo kazi yangu. Lakini unipe neno moja. Hautanitosha."

"Kukutosha wapi?"

"Ndani ya foto."

"Sitakutosha," nikajibu, upesiupesi, kama unavyomjibu mteja. Kwetu kumtosha mtu ni kumtoa, kumwondoa.

Kama humjui mpima maji, ni yule anayesimama mbele ya chombo na fimbo ndefu, anagusa chini, anaita kina, ili nahodha asipande mchanga. Wengi wetu hapa tumefika salama kwa sababu ya mtu kama huyo, na hakuna anayemkumbuka akishashuka.

Nikapiga. Nikahesabu thelathini. Nikainama kuangalia foto kwenye kioo cha aparei, nikainua kichwa kumshukuru: hakuna mtu. Ukungu tu. Nikafikiri ameenda kwenye mitumbwi. Wewe ungefikiri nini?

Alasiri nikafunga mapazia, nikaketi mbele ya ordinateri. Aparei yangu huhifadhi picha mbichi, yenye rangi zote kama zilivyokuwa. Kuzizima ni kazi yangu mimi. Na nina mazoea: kitu cha kwanza nazima rangi, hata sijaangalia. Kisha naanza. Anga nikaiteremsha kidogo. Mti nikauongezea weusi, lakini nikaacha magome yake yasomeke, maana weusi usio na kitu ndani ni shimo. Ukungu nikaupandisha pole pole. Ilikuwa inakuja, foto ile. Ilikuwa inapumua.

Kisha nikamkuza yule mtu.

Sekunde thelathini. Maji yamekuwa maziwa, majani ya ukingo wa pili yamekuwa moshi. Yeye alikuwa mkali kama jiwe. Niliona nyuzi za kitambaa cha kichwani. Niliona nywele za nyusi, mojamoja. Hakuna kifua cha mtu aliye hai kinachoweza kitu hicho; kupumua peke yake kunatosha kukuvuruga. Na pale fimbo ilipoingia mtoni, maji hayakugawanyika. Yalipita moja kwa moja, kama hakuna fimbo.

Utafikiri niliogopa. La. Nisikufiche: nilichoogopea ni jina langu. Nikamwona akilini Bwana Justin anaangalia foto ile, anatingisha kichwa: huyu mama wa Kasongo amebandika mtu. Mwanamke mmoja tu kati ya wapiga foto wote wale, na ndiye mdanganyifu. Hapana.

Basi nikamfuta. Nilichukua kipande cha ukungu hapa, kipande cha maji pale, nikamfunika kidogo kidogo, kuanzia fimbo mpaka uso. Uso niliuacha mwisho. Ilinichukua saa mbili, na nilipomaliza hata mimi mwenyewe sikuweza kujua alikuwa amesimama wapi. Tena niliona fahari! Kazi safi vile. Ili nisionekane mwongo, nikadanganya, na sikuona aibu hata tone. Nikaituma Kindu kwa mtandao. Wakajibu kwamba itachapishwa kubwa, itawekwa mlangoni kabisa pa ukumbi. Nikachinja kuku.

Siku ya tatu yake ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa mlangoni pa studio yangu. Mbele yangu kulikuwa na nyanya, bidoni za manjano za mafuta, vitenge vimetundikwa, pikipiki nyekundu ya motari mmoja inanguruma. Kisha mtu akasimama kizingitini.

Kwanza nilidhani jua limeniumiza macho. Nikayafikicha. Alikuwa yeye, na kitambaa chake, na fimbo yake. Na alikuwa hana rangi.

Nielewe vizuri. Sisemi alikuwa amepauka kama mgonjwa. Nasema alikuwa kama foto zangu. Ngozi kijivu, shati kijivu, kucha kijivu. Alipofungua mdomo, ulimi ulikuwa kijivu. Ile pikipiki nyekundu ilipita nyuma yake, na wekundu ukafika ukingoni mwa bega lake ukaishia pale, ukatokea upande wa pili. Alfajiri ile, katika ukungu, wote tulikuwa hivyo, ningejuaje? Watu walikuwa wanapita, wananisalimia mimi, yeye hawamtazami.

"Salaam aleikum," akasema.

Mdomo wangu ukajibu wenyewe, kwa mazoea.

"Mama, ulinitosha."

Na unajua nilisema nini? Badala ya kupiga kelele, badala ya kuomba msamaha, mimi Mama Foto nikamjibu kama fundi anayelaumiwa kazi yake: "Baba, ulikuwa umesimama mno. Wangesema nimekubandika."

"Nilisimama mno?"

Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyetukanwa kazi yake mbele za watu. "Nilipima maji ya huu muto mpaka mvi ikaota. Chombo hakikupanda muchanga mbele yangu hata siku moja. Watu walikuwa wanalala nyuma yangu na watoto wao, sababu mimi niko nasimama. Na wewe unasema nilisimama mno?"

Hapo hofu ilinitoka, aibu ikaingia. Maana uchungu ule naujua. Nami nimeambiwa mara ngapi kwamba kazi yangu nzuri ni kosa? Kwamba rangi zimeniishia? Alikuwa fundi, mwenzangu, na nilikuwa nimeifuta kazi yake kwa sababu ilikuwa nzuri kupita kiasi.

"Baba, nitakurudisha," nikasema.

"Leo?"

"Leo."

Akaingia hatua moja, akaanza kuangalia foto zangu ukutani, mojamoja, bila haraka, kama anasoma maji. Mbele ya moja akakaa sana. Ilikuwa ya kijito kinapoingia Lualaba.

"Hii si mubaya," akasema.

Akatoka, na jua la soko likammeza.

Siku ileile nikaifungua picha mbichi. Rangi sikuziwasha; niliogopa nitakachoona. Nikaitengeneza upya, bila kugusa hata unywele wake, kisha nikampigia simu Bwana Justin.

"Foto niliyokutumia ni ya uongo," nikamwambia. "Nilifuta mtu. Ya kweli nimekutumia sasa hivi."

Akaifungua papo hapo. "Mama, hii ya pili ndiyo ninaiona ya uongo. Ule mutu amebandikwa."

"Hakubandikwa."

"Basi ulete picha mbichi hapa Kindu. Tutaifungua mbele ya wote. Kama iko na mukono wa mutu ndani, unatoka kwa maonyesho, na kila mutu atajua sababu."

"Nakuja," nikasema.

Lakini kabla ya Kindu nilishuka tena bichi, na foto nimeichapisha, nimeikunja ndani ya kitenge. Pale kuna mama anayeuza chai na mikate, Mama Zaina, amefanya kazi hiyo miaka mingi na anamjua kila anayevuka. Nikamwonyesha. "Mama, huyu unamjua?"

Alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini, mchangani, na maji yake ya moto. "Nani alikupatia foto ya baba?"

Nikakaa.

Baba yake aliitwa Sumaili, na alikuwa mpima maji. Mama Zaina alikuwa msichana mdogo siku chombo kilipopinduka karibu na ukingo, kimejaa watu kupita kiasi. Sumaili alitoa mtu wa kwanza, akatoa wa pili, akarudi ndani na fimbo yake kwa ajili ya wa tatu. Yule wa tatu alipatikana hai, ameishika ile fimbo. Sumaili hakupatikana. Hana kaburi, na maishani mwake hakuwahi kupigwa foto hata moja. "Watoto wangu wakiuliza babu alifanana na nani," Mama Zaina akasema, "nawaambia: muangalie mimi."

Kisha akaniuliza lini nilimpiga. Nikamwambia ukweli wote, hata ule wa kumfuta. Nilingoja anifukuze. Aliiangalia foto, akapitisha kidole juu ya fimbo, na swali lake lilikuwa moja tu.

"Alisimama vizuri?"

"Sekunde thelathini. Hakutikisika."

"Ndiyo yeye," akasema, na akainuka kumpa mteja chai, mgongo umenyooka kama wa askari. Machozi yalikuja baadaye, wakati akihesabu mikate.

Kindu nilifika baada ya siku mbili za matope juu ya pikipiki. Ukumbi ulikuwa umejaa wapiga foto, na wanaume wawili watatu walikuwa wanatabasamu tabasamu lile ninalolijua. Bwana Justin akatia kadi yangu ndani ya ordinateri, foto ikatokea ukutani, kubwa. Kisha akafanya nilichoogopa kufanya. Akawasha rangi, akazipandisha.

Mchanga ukawa wa manjano. Magugu ya ukingoni yakawa kijani. Juu ya ukungu kulikuwa na uwaridi kidogo wa jua, ambao hata mimi sikuwa nimeuona. Na katikati ya rangi hizo zote, nchani mwa mchanga, mtu wa kijivu.

Bwana Justin alikuza, akapunguza, akaangalia huku, akaangalia kule. Anaijua kazi yake, namheshimu kwa hilo. Alitafuta mkono wa mtu mpaka jasho likamtoka. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo, "Hii haikuguswa." Akazima rangi yeye mwenyewe, na hakuna aliyemwomba aziwashe tena.

Ile ya uongo ikateremshwa, ya Sumaili ikapandishwa mlangoni. Walitaka kuandika jina langu peke yake. Nilikataa. Juu kuliandikwa: Sumaili, mpima maji wa Lualaba. Chini, kwa herufi ndogo, jina langu. Watu walisimama mbele ya foto ile zaidi kuliko nyingine zote, na nilisimama kando yake siku nzima, sikukaa kitako hata mara moja. Sijawahi kuwa na fahari kama ile, na leo nikikusimulia bado ninayo. Nyumbani, jamaa ya Mama Zaina walisoma hitima waliyoingoja muda wote ule. Shehe alikataza foto isiwekwe mbele ya watu wanaoomba, na wakamtii. Iko chumbani kwa Mama Zaina. Ukiingia, wajukuu watakuonyesha nani amerithi pua.

Sasa nikuambie lililobaki na mimi. Toka mchana ule aliposimama mlangoni pangu, jicho langu la kuume, lile ninaloliweka kwenye aparei, halioni rangi. Daktari alilimulika, akasema ni zima kabisa. La kushoto linaona kama zamani. Nikilifunga la kushoto, soko lote linakuwa kijivu: nyanya, vitenge, watu. Wengine wanasema ni adhabu. Mimi nasema ni mshahara. Wapiga foto wangapi wanapewa jicho kama hili? Kazi yangu imezidi uzuri, na sisemi hivyo kwa kujisifu tu, waulize.

Ila kuna jambo moja. Nikiwa kazini, la kushoto limefungwa, watu wote walio mbele yangu ni wa kijivu sawasawa. Siwezi tena kujua nani kati yao ana rangi yake na nani hana. Kwa hiyo kila anayeingia kwenye foto yangu namsalimia, namuuliza jina, na namwacha hapo aliposimama.

Nawe unayefuta watu kwa kidole kwenye simu yako, yule aliyepita nyuma ya bibi arusi, yule aliyekuharibia machweo yako, ngoja kwanza. Wewe macho yako yote mawili bado yanaona rangi. Mwangalie vizuri kabla hujamgusa.